Soma Namba Kwanza, Mama

Mama mwenzangu katika Kristo, huenda ukiliona neno "bangi" katika ukurasa huu utataka kufunua unaofuata, ukisema, "Hayo si ya nyumbani kwangu." Nakuomba ungoje kidogo. Siandiki ili kuisifu bangi, wala sitaki kumfundisha mtu kuitumia. Naandika kwa sababu bangi ya siku hizi haiji tena ikiwa imeviringishwa katika kipande cha gazeti, ikinuka hadi kwenye nguo za mvutaji. Inakuja ikiwa peremende, chokoleti, biskuti, kinywaji cha kopo, au mafuta ya matone katika chupa safi kama ya dawa ya kikohozi. Zamani pua ya mama ilikuwa askari wa nyumba. Siku hizi pua haitoshi, na kazi hiyo imeangukia macho. Nayo macho hayawezi kulinda kitu kama hayajui yanasoma nini.

Wengi wetu tuna watoto ng'ambo. Binti anajifungua Marekani au Canada, nasi tunaitwa kwenda kumlea mzazi na mtoto. Tunaingia katika jikoni ambazo hatukuzipanga sisi, tunafungua makabati yenye pakiti za rangi rangi. Mimi nilikwenda mwaka 2024, nikakaa miezi mitatu katika mji wa Aurora, ulio jirani na Denver, jimbo la Colorado. Huko wapiga kura waliamua mwezi wa Novemba 2012 kwamba mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea anaweza kununua bangi, na maduka yenye leseni yakaanza kuuza tarehe 1 Januari 2014. Kwa hiyo niliyoyakuta humo ndani ni mambo ya kawaida ya mji ule.

Katika wiki ya pili nilikuwa napanga kabati la jikoni ili nipate nafasi ya unga wa uji. Nyuma ya kopo la sukari nikakuta mfuko mdogo mgumu, ndani yake peremende laini za kutafuna, nyekundu, zenye umbo la mraba. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka miwili, alikuwa miguuni pangu akivuta gauni langu. Nikamwita binti yangu.

"Mwanangu, peremende hizi ni za nani?"

Akaja, akauona mfuko, uso ukambadilika. "Mama, hizo si peremende. Zitakuwa za yule mpangaji wa chumba cha chini."

Mpangaji huyo alikuwa kijana wa Kikenya, mpole na mchapakazi, aliyeumia goti katika ajali ya gari. Nikasema nitaongea naye akirudi kazini. Kisha nikatafuta miwani yangu, nikaketi, nikausoma ule mfuko kuanzia juu hadi chini. Nilifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 31, na mtu wa hesabu akiona namba hawezi kuziacha.

MAANDISHI YALE YANASEMA NINI

Kitu cha kwanza kilikuwa alama: umbo la almasi lenye alama ya mshangao na herufi THC. Hiyo ni alama ya serikali ya jimbo, nayo huwekwa juu ya pakiti na pia hugongwa juu ya kila kipande chenyewe. Jimbo lilikuja pia kukataza neno "peremende" lisiandikwe juu ya pakiti za namna hiyo, na tangu Oktoba 2017 peremende za bangi haziruhusiwi kuwa na umbo la mtu, mnyama au tunda. Mama akijua hivyo tu, amekwisha kupata kitu. Kipande cha mraba chenye alama hiyo si cha mtoto, hata kama kinanukia matunda.

Herufi THC ni jina la kifupi la kemikali iliyo ndani ya bangi ambayo ndiyo hulevya. Iko nyingine iitwayo CBD, ambayo hailevyi. Lebo hutaja zote mbili, na hupimwa kwa miligramu. Ile ya kulevya ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Sasa tufike kwenye namba. Mbele ya mfuko paliandikwa miligramu 100. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa miligramu 10. Na mahali pengine paliandikwa kwamba vipande ni 10. Je, ni 100 au ni 10? Jibu ni zote mbili. Mia moja ni ya mfuko mzima, kumi ni ya kipande kimoja. Katika Colorado kipande cha kuliwa mara moja hakiruhusiwi kuzidi miligramu 10, na pakiti inayouzwa kwa mnunuzi wa kawaida haizidi miligramu 100.

Pengine utasema kumi ni kidogo. Kumi ya nini? Kumi za maharage ni kidogo; kumi za vidonge vya usingizi ni msiba. Mamlaka ya afya ya Canada huwashauri wasiozoea kula bidhaa hizi wasianze na zaidi ya miligramu 2 na nusu. Kwa kipimo hicho, kipande kimoja cha mfuko ule kingetosha watu wanne wasiozoea, na mfuko mzima ungetosha watu 40. Nilipofika hapo nilivua miwani nikamtazama mjukuu wangu.

Tena namba hizi hubadilika ukivuka mpaka. Nchini Canada, ambako bangi ya kula iliruhusiwa kisheria Oktoba 2019, pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Mfuko mmoja halali wa Colorado ni sawa na mifuko kumi halali ya Canada. Mtu aliyezoea kusema "mimi hula mfuko mmoja tu" akihama Toronto kwenda Denver na desturi yake hiyo, amejiongezea mara kumi bila kujua. Kwa sababu hiyo nasema tuache kuhesabu vipande, mifuko au vijiko, tuhesabu miligramu. Kipande hakina maana mpaka ujue kimebeba nini.

KIJANA ALIYESOMEWA LAKINI HAKUNGOJA

Liko jambo lililotokea Colorado mwezi wa Machi 2014, maduka yakiwa na miezi mitatu tu. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kililieleza katika taarifa yake ya mwaka 2015. Kijana wa miaka 19 alipata biskuti moja ya bangi, iliyonunuliwa na rafiki yake mwenye umri unaoruhusiwa. Lebo ilisema biskuti ile ina miligramu 65 za THC, nayo ni ya kugawanywa mara sita. Muuzaji aliwaambia waigawe. Kijana akala kipande kimoja, kama alivyoelekezwa.

Ikapita nusu saa, ikakaribia saa moja. Hakusikia kitu. Akaona biskuti haina nguvu, akaimaliza yote iliyobaki. Baada ya hapo akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwa mkali. Saa mbili na nusu baada ya kuimaliza, aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne, akafa.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi kama mama. Lebo ilikuwepo. Muuzaji alisema. Hata kijana mwenyewe alitii mwanzoni. Kilichokosekana ni kujua kwamba bangi ya kula huchelewa. Moshi huingia mapafuni na kufika kichwani kwa dakika chache. Chakula hupita tumboni kwanza, kisha kwenye ini, na ini hugeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi katika ubongo. Kwa hiyo mlaji huanza kusikia baada ya nusu saa hadi saa mbili, ukali unaweza kuendelea kupanda hadi saa ya nne, na ulevi kudumu hadi saa 12. Anayeongeza cha pili kwa sababu cha kwanza "hakijafanya kazi" amejitwisha mizigo miwili itakayomwangukia pamoja.

Baada ya tukio hilo jimbo lilibadili kanuni. Tangu Februari 2015, kila miligramu 10 lazima ziwe zimetengwa waziwazi, kwa pakiti yake au kwa mstari wa kukatia. Ndiyo sababu mfuko niliousoma ulikuwa na vipande vilivyotengana. Namba zile ndogo nyuma ya mfuko ziliandikwa baada ya mama mmoja kuzika mwanawe.

MTOTO WA RATILI 24

Jioni yule mpangaji akarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Goti linaendeleaje?"

"Usiku ndio shida, mama. Mchana natembea."

Nikampa pole, kisha nikauweka mfuko mezani. Akainama kwa haya. "Mama, nisamehe. Lakini huku ni halali, haina neno."

"Sikuuliza kama ni halali," nikamwambia. "Nauliza, ndani ya mfuko huu mna kiasi gani?"

"Ni kumi tu, mama. Miligramu kumi."

"Katika kipande, au katika mfuko?"

Akanyamaza. Alikuwa akiutumia kwa miezi mingi, naye hakujua. Nikamwonyesha namba ya mbele na namba ya nyuma, akazitazama kama mtoto wa darasa la tatu aliyeona kosa katika daftari lake.

Kisha nikamwuliza binti yangu uzito wa mtoto. Akasema ratili 24, yaani karibu kilo 11. Madaktari wa Colorado walichapisha utafiti mwaka 2023 kuhusu watoto wa chini ya miaka 6 waliokula bangi kwa bahati mbaya. Waliona kwamba hatari ya kuzidiwa sana, na kwa muda mrefu, huanzia kwenye miligramu 1.7 kwa kila kilo moja ya mtoto. Chukua 1.7 uzidishe kwa 11, unapata 18.7. Vipande viwili vya mfuko ule ni miligramu 20. Mama yeyote anajua kwamba mtoto akipata mfuko wa peremende hali vipande viwili akaomba kitambaa cha kupangusa midomo. Hula mpaka akamatwe.

Hili si la kufikirika tu. Vituo vya ushauri wa sumu vya Marekani vilipokea taarifa 207 za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula bidhaa hizi mwaka 2017. Mwaka 2021 taarifa zilifika 3,054. Karibu watoto wote hao walizipata nyumbani, mahali ambapo tunaamini wako salama.

Mtoto aliyekula bangi husinzia kuliko kawaida, huyumba akisimama, hutapika, macho hulegea. Akizidiwa, pumzi huwa nzito au hupungua, na anaweza kupoteza fahamu. Usimpe maziwa ukangoja apone. Mpeleke hospitali, na uubebe mfuko wenyewe. Daktari atauliza mambo mawili: mtoto ana uzito gani, na amekula miligramu ngapi. Usione haya kusema ukweli. Haya haijawahi kuokoa mtoto.

ASILIMIA ZISIKUDANGANYE

Si kila lebo inataja miligramu. Maua makavu ya kuvuta huandikwa asilimia, na hapo pana hesabu nyingine. Katika bangi mbichi au kavu, THC nyingi iko katika hali iitwayo THCA, ambayo hugeuka kuwa THC ikipata moto. Ikigeuka hupoteza uzito kidogo, kwa hiyo maabara huzidisha THCA kwa 0.877, kisha hujumlisha THC iliyokwisha kuwepo. Mfano, THCA ikiwa asilimia 22.8 na THC asilimia 0.5, jumla ni asilimia 20.5 hivi. Yaani katika gramu moja mna miligramu 205. Sehemu kubwa ya hizo huungua na kupotea hewani, lakini ni vizuri kuelewa ukubwa wake.

Jambo hili linatuhusu sisi wazazi kwa njia moja zaidi. Bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani mwaka 1995 ilipopimwa ilikuwa na wastani wa asilimia 4 za THC. Ile ya mwaka 2014 ilifika karibu asilimia 12. Maua yanayouzwa madukani leo hupita hapo mara nyingi. Kwa hiyo mjomba akikuambia kijanani, "Hata sisi tulivuta zamani na bado tu wazima," mwambie kwa heshima kwamba anazungumzia kitu kingine chenye jina lile lile.

Nazo asilimia ndogo zina mtego wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliruhusu mmea uitwao hempu, ambao ni bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Ukisikia asilimia 0.3 unadhani si kitu. Lakini peremende ya gramu 4 ni miligramu 4,000, na asilimia 0.3 ya 4,000 ni miligramu 12. Hiyo ni zaidi ya kipande cha duka la leseni! Kwa mwanya huo peremende za kulevya ziliuzwa hata kwenye vituo vya petroli. Novemba 2025 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuuziba, ikapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Somo kwetu ni kwamba kwa kitu cha kuliwa, asilimia haisemi ukweli wote, uliza miligramu.

JE, LEBO YENYEWE NI KWELI?

Kusoma ni jambo moja, kuamini ni jingine. Mwaka 2023 watafiti walipima sampuli 23 za maua kutoka maduka ya Colorado. Karibu 7 kati ya 10 zilikuwa na nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ya kilichoandikwa, maana wanunuzi hupenda namba kubwa, nao wauzaji hupenda kuwapendeza.

Kwa mafuta ya CBD mambo ni mazito zaidi, nami nataka akina mama wenye wazazi wazee wasikilize. Katika kikundi cha maombi cha akina mama pale Aurora nilikutana na dada wawili wenye maumivu ya viungo waliokuwa wakitumia matone hayo. Walikuwa wameambiwa kwamba ni mitishamba tu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti. Tatu tu kati ya kila kumi zilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Katika 18 kati ya hizo 84 ilikutwa THC. Mama mzee anadhani anameza kitu kisicholevya, kumbe kinalevya, anaanguka bafuni usiku, watu wanasema ni uzee.

Tena CBD ni kemikali yenye nguvu yake. Inaweza kuongeza nguvu ya dawa nyingine mwilini, kama warfarini, ambayo wagonjwa hupewa ili damu isigande. Kwa hiyo anayetumia dawa za moyo, damu au kifafa asianze matone hayo kabla ya kumwambia daktari wake. Sisemi kwamba hakuna dawa katika mmea huu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha dawa ya maji ya CBD kwa ajili ya watoto wenye aina kali za kifafa. Lakini dawa hiyo hutolewa na daktari, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na kila chupa ni sawa na nyingine. Hapo ndipo dawa inapotofautiana na bidhaa ya dukani.

Na wewe mwenye mimba au unayenyonyesha, hili halina hesabu ndefu. THC hukaa katika mafuta ya mwili na huingia katika maziwa. Utafiti wa California wa mwaka 2018 uliikuta katika maziwa ya baadhi ya akina mama hadi siku sita baada ya kutumia. Mtoto hajui kusoma lebo ya ziwa la mama yake.

MZIGO WA NDEGE NA KARATASI ZA UHAMIAJI

Yapo mambo ambayo lebo haiyasemi kabisa. La kwanza ni uhamiaji. Mwaka 2019 idara ya uraia ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mgeni anayetumia bangi, au hata anayefanya kazi katika biashara yake, anaweza kunyimwa uraia ingawa jimbo lake linairuhusu. Nilimwambia yule kijana jambo hili. Alikuwa akingojea karatasi zake, na hakuna muuzaji aliyewahi kumtahadharisha. Mwenye karatasi zinazosubiri aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kuonana na duka.

La pili ni zawadi. Watoto wetu hurudi likizo na masanduku ya chokoleti na peremende kwa ajili ya binamu zao. Kinachoitwa halali Denver ni kosa la jinai Tanzania chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya chini ya sheria yao ya mwaka 1994. Mfuko mmoja uliosahauliwa katika sanduku unaweza kumpeleka mwanao mahabusu kutoka uwanja wa ndege. Kabla ya safari, mwambie afunue kila mfuko na kutafuta ile alama na zile herufi tatu.

TULIVYOAMUA NYUMBANI

Mkwe wangu aliporudi tuliketi wote wanne. Hatukupiga kelele, wala hatukumfukuza kijana wa watu, maana maumivu yake ni ya kweli na yuko mbali na mama yake. Binti yangu na mumewe walisema kwamba wao wana watoto wadogo, na kitu hicho hakiwezi kukaa jikoni wala mahali popote kisipofungwa kwa ufunguo. Kijana alikubali mara moja. Kesho yake alinunua kisanduku cha chuma, akakiweka chumbani kwake juu ya kabati la nguo. Kwa ushauri wangu pia alikwenda kumwona daktari wa mifupa kuhusu goti, jambo alilokuwa ameliahirisha kwa mwaka mzima kwa sababu peremende zilimsahaulisha. Alianza mazoezi ya viungo wiki mbili kabla sijaondoka.

Akaniuliza, "Mama, wewe kama Mkristo, unaniambia niache?" Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyomwombea, kwa kuwa mwili wake ni hekalu na akili yake ni amana. "Lakini hata kama hujafika hapo," nikamwambia, "huna ruhusa ya kutojua unachokimeza, wala ya kukiacha mahali mtoto anapofikia."

Nasi tulio nyumbani Afrika Mashariki tusidhani tumepona. Keki na biskuti zilizochanganywa bangi zinauzwa kwa siri kwa vijana wetu wa shule na vyuo. Hizo hazina alama ya almasi, hazina namba ya mbele wala ya nyuma. Mpishi mwenyewe hajui kipande kipi kimebeba nyingi. Mwambie mwanao hivyo. Usimwambie tu "ni dhambi" ukaishia hapo. Mweleze kwamba yule kijana wa mwaka 2014 alikuwa na biskuti iliyopimwa maabara na kuandikwa namba, na bado hakurudi nyumbani. Mweleze kwamba kitu cha kula huchelewa, na kwamba kutosikia kitu kwa saa moja si dalili ya usalama.

Basi, ukikuta pakiti usiyoijua, nyumbani kwako au kwa mwanao, ukae nayo mezani. Tafuta herufi THC. Tazama miligramu za pakiti nzima, kisha za kipande kimoja. Uliza ni ya nani na inafungiwa wapi. Kama haina namba, itendee kama sumu. Sisi akina mama tumezoea kupima: tunapima chumvi kwa vidole, tunapima maji ya ugali kwa jicho, tunapima homa ya mtoto kwa kiganja. Hiki hakipimiki hivyo. Vaa miwani, mama, usome.